Homa ya ini C na ini jipya: kutibu virusi kabla ya kupandikizwa, mara baada yake, au kungoja?

Familia ikishaambiwa kwamba ini la mgonjwa wao limefika mwisho na njia iliyobaki ni kupandikiza jingine, mawazo yote hukimbilia fedha, pasipoti, na nani katika ukoo atakubali kutoa kipande cha ini lake. Wana haki. Lakini kama kilicholiharibu ini hilo ni homa ya ini aina ya C, lipo swali jingine la kujibiwa kabla tiketi haijakatwa: virusi vitibiwe lini? Kuondoa ini la zamani hakuondoi virusi. Vinabaki katika damu, na ini jipya litapokea damu hiyohiyo.

Kwa Mganda swali hili lina uzito wake. Sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ilianza mwaka 2023, na Desemba ya mwaka huo Hospitali ya Mulago, Kampala, wakapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kwa ini, wagonjwa wetu wengi bado husafiri, hasa kwenda India, na mtoaji huwa ni ndugu aliye hai. Basi matibabu yanagawanyika kati ya nchi mbili na timu mbili za madaktari, na ni rahisi kila upande kudhani suala la virusi limeshughulikiwa na mwenzake.

Hapa nazilinganisha njia tatu: kutibu kabla ya upasuaji, kutibu mara mgonjwa anapotulia baada ya upasuaji, na kungoja hadi baadaye. Uamuzi utafanywa na daktari wa ini pamoja na timu ya upandikizaji. Mgonjwa anayejua sababu zake, hata hivyo, huuliza maswali yanayofaa.

Virusi vinaingiaje katika ini jipya

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ulinganisho wote unategemea jambo hili.

Wakati wa upasuaji kuna kipindi ambacho mgonjwa hana ini kabisa: la zamani limetolewa, jipya halijaunganishwa. Wingi wa virusi katika damu hushuka, kwa kuwa seli zilizokuwa zikivizalisha hazipo tena. Kisha mishipa inafunguliwa, damu inaingia katika ini jipya, na wingi huo unazidi kushuka ndani ya saa chache. Anayetazama karatasi ya maabara angeweza kufurahi. Ukweli ni kwamba sehemu ya virusi inatoka katika damu kwa sababu inaingia ndani ya seli. Baada ya siku chache, mara nyingi kufikia ya tatu au ya nne, wingi huanza kupanda, na kwa baadhi ya wagonjwa hupita ule wa kabla ya upasuaji.

Kirusi cha C husafiri kikiwa kimeshikamana na mafuta ya damu, yale ambayo ini hupokea kila siku. Kikifika kwenye uso wa seli ya ini hunasa kwanza kwenye sukari zilizotanda juu yake na kwenye kipokezi cha kolesteroli. Protini zake za nje, E1 na E2, hushikana na vipokezi viwili, SR-B1 na CD81. Kisha husogezwa pembeni, mahali seli mbili zinapogusana. Huko kuna klaudini na okludini, protini ambazo kazi yake ya kawaida ni kuziba mwanya kati ya seli na seli. Kirusi kikishazipata zote nne, seli yenyewe hukimeza. Asidi ndani ya kifuko kilichokimeza hukivua ganda, na RNA yake, uzi mmoja wenye herufi takriban 9,600, hutoka ndani ya seli.

Seli huanza kuusoma uzi huo papo hapo. Inatengeneza protini moja ndefu, nayo inakatwa kuwa protini 10. Tatu kati ya hizo zinafaa kukumbukwa, maana ndizo dawa za leo zinazozilenga: NS3 inayofanya sehemu kubwa ya ukataji, NS5A inayosaidia kunakili RNA na kuunda virusi vipya, na NS5B inayonakili RNA. Sofosbuviri hukwamisha NS5B. Velpatasviri, daklatasviri, ledipasviri na pibrentasviri huzuia NS5A. Glekapreviri huzuia NS3. Virusi vipya huundwa karibu na matone ya mafuta ndani ya seli, kisha hutoka vikiwa vimejifunika mafuta tena, tayari kwa seli ya jirani. Vingine hupita moja kwa moja kutoka seli hadi seli bila kugusa damu, mahali ambapo kingamwili hazivifikii.

Kwa aliyepandikizwa, mambo haya huenda kwa kasi. Anameza dawa za kutuliza kinga ili mwili usilikatae ini jipya, na kinga hiyo iliyotulizwa ndiyo ingepambana na virusi. Zamani, kabla ya vidonge vya sasa, karibu kila aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na virusi katika damu aliambukizwa upya, na takriban asilimia 20 hadi 30 walikuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, katika ini jipya ndani ya miaka mitano. Wachache walipata aina kali inayozuia nyongo na kuua ini katika miezi ya mwanzo.

Swali la msingi, basi, ni kama damu itakuwa safi siku ile mishipa inapofunguliwa, na kama haitakuwa safi, ini jipya litakaa na virusi kwa muda gani.

Kabla ya kuchagua: je, virusi vipo kweli?

Kipimo cha kawaida cha homa ya ini C hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi. Utafiti uliofanyika Rakai na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wengi waliopatikana na kingamwili hizo hawakuwa na virusi. Mtu asianze dawa, wala asiingie katika mpango wa upandikizaji kwa jina la homa ya ini C, bila kipimo cha RNA. Apimwe homa ya ini B pia, kwa sababu dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala, na B tunayo kwa wingi hapa, hasa kaskazini mwa nchi.

Jambo jingine ni kundi la kijeni la virusi. Afrika Mashariki tuna kundi la 4 kwa wingi, na Uganda kumepatikana aina ndogo ambazo hazipatikani sana Ulaya. Kwa jirani zetu Rwanda, wagonjwa wenye aina ndogo ya 4r walipona kwa kiwango cha chini kwa sofosbuviri na ledipasviri kuliko wenzao wa kundi hilohilo la 4. Mweleze daktari wa ng'ambo unakotoka, maana anaweza kuwa amezoea virusi vya kwao.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: kama ini jipya litaambukizwa, uwezekano wa kupona, yaani RNA kutoonekana wiki 12 baada ya kumaliza dawa, dawa zinazoruhusiwa na zinazogongana nazo, kalenda, na mahali pa matibabu pamoja na gharama zake.

Njia ya kwanza: kutibu kabla

*Ini jipya.* Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa waliopewa sofosbuviri na ribavirini, dawa ya zamani zaidi ya virusi, wakisubiri ini. Waliokaa zaidi ya siku 30 mfululizo bila virusi kuonekana katika damu kabla ya upasuaji ni wachache sana waliorudiwa na virusi. Seli za ini jipya hazikukutana navyo kabisa.

*Kupona.* Ini lililochoka huitikia dawa kwa shida zaidi. Kwa wagonjwa wenye sirosisi iliyoanza kuleta maji tumboni, wengi wao wakiwa daraja B la Child-Pugh (kipimo cha ukali wa sirosisi, kutoka A hadi C iliyo mbaya zaidi), sofosbuviri na velpatasviri pamoja na ribavirini kwa wiki 12 ziliwaponya asilimia 94. Bila ribavirini wakawa asilimia 83. Ukishuka daraja C, matokeo yanapungua waziwazi: katika utafiti mmoja wa daklatasviri na sofosbuviri, waliopona katika daraja hilo walizidi nusu kidogo tu, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo.

*Dawa.* Uchaguzi ni mwembamba. Dawa za kundi la NS3, kama glekapreviri, haziruhusiwi kwa ini lililoshindwa, kwa sababu zinaweza kulizidishia madhara. Ribavirini hupunguza damu, na haifai kwa mwenye selimundu. Pia hudhuru mimba. Mwanamke anayeitumia, au ambaye mume wake anaitumia, anatakiwa kuzuia mimba wakati wa dawa na kwa miezi mingi baadaye. Asiyeweza kuitumia hupewa dawa zilizobaki kwa wiki 24.

*Kalenda.* Unahitaji muda: wiki 12 za dawa, au angalau wiki za kutosha damu kusafika na kubaki safi. Wapo wanaopata nafuu hadi upasuaji hauhitajiki tena. Katika utafiti mmoja wa Ulaya, takriban mmoja kati ya watano aliondolewa katika orodha ya kusubiri. Upande wa pili, mtu anaweza kupona virusi huku tumbo bado linajaa maji na usingizi umepinduka, lakini alama yake ya MELD, namba inayopanda kadiri ini linavyozidi kushindwa, imeshuka na nafasi yake katika foleni imerudi nyuma. Kwa anayepewa ini na ndugu, foleni hiyo haimgusi sana. Kinachomgusa ni kuzorota akiwa bado anasubiri.

*Mahali na gharama.* Dawa zinamezwa nyumbani, Kampala, Mbale au Arua, karibu na watu wako, bila kodi ya nyumba ya ugenini. Matoleo ya dawa hizi yasiyo ya kampuni asilia ni nafuu kuliko yale ya mwanzo. Mgonjwa dhaifu, hata hivyo, anahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, na aliye mbali na hospitali ya rufaa aweke hesabu ya safari hizo.

Inamfaa mgonjwa ambaye ini lake bado lina nguvu kiasi na tarehe ya upasuaji iko mbali.

Njia ya pili: kutibu mara baada ya upasuaji

*Ini jipya.* Litaambukizwa. Tusifichane hilo. Lakini makovu hayajengeki kwa wiki chache, na dawa kwa kawaida huanzishwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, mara jeraha na figo vinapotulia. Ndugu aliyetoa kipande cha ini lake anaweza kuumia akisikia kwamba kitaingiliwa na virusi. Aelezwe mapema kwamba njia hii inakubalika, na kwamba kipande hicho hakiachwi hivyo.

*Kupona.* Ini jipya lenye afya huzisaidia dawa kufanya kazi. Tafiti za wagonjwa waliopandikizwa zinaonyesha kupona kwa asilimia 94 na zaidi. Glekapreviri na pibrentasviri kwa wiki 12 zilifikia asilimia 98 kwa waliopandikizwa ini au figo.

*Dawa.* Milango inafunguka: dawa za NS3 zinaweza kutumika, na mara nyingi ribavirini haihitajiki. Uangalifu sasa unahamia kwenye kugongana kwa dawa, na hapa naomba msomaji awe makini sana. Siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ikiwa kwa dozi kubwa haiendi na glekapreviri. Omeprazoli, ambayo wagonjwa wengi hupewa baada ya upasuaji, hupunguza velpatasviri na ledipasviri zinazoingia mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu huzishusha dawa hizi kiasi cha kuzifanya zisifae. Takrolimusi, nayo dawa ya kutuliza kinga, inahitaji kupimwa katika damu kila mara: virusi vikiondoka, ini hufanya kazi vizuri zaidi na kuivunja kwa kasi, kiwango kinashuka, na mwili unaweza kuanza kulikataa ini wakati ambapo kila mtu anasherehekea.

Kuna faida ambayo haitajwi vya kutosha. Vimeng'enya vya ini vikipanda miezi michache baada ya upandikizaji, daktari hujiuliza: ni virusi, au mwili unalikataa ini? Hata kipande cha nyama ya ini chini ya hadubini kinaweza kutatanisha. Akidhani ni kukataliwa akatoa steroidi, zinazotuliza kinga, kwa dozi kubwa, kumbe ni virusi, anavipa virusi nafasi. Kutibu mapema hupunguza utata huo.

*Kalenda.* Upasuaji hausubiri dawa. Kwa mgonjwa ambaye kila wiki ni ya hatari, sababu hiyo pekee inatosha.

*Mahali na gharama.* Hapa ndipo familia za Uganda hukwama. Dawa zinaweza kuanza mgonjwa akiwa India na kumalizika akiwa nyumbani. Dozi yote iwe mkononi kabla ya kupanda ndege, pamoja na barua yenye jina la dawa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ulizeni pia, kabla ya kusafiri, ni wapi Kampala kiwango cha takrolimusi kitapimwa na majibu yatatoka baada ya muda gani.

Inamfaa mgonjwa ambaye ini limekwisha kabisa, au ambaye mtoaji yuko tayari na tarehe imekaribia.

Njia ya tatu: kungoja

Enzi za interferoni, sindano za zamani za kutibu virusi hivi, hii ilikuwa kawaida: madaktari walisubiri ini jipya lianze kuonyesha madhara, kwa sababu sindano zile zilitesa na hazikuponya wengi. Leo miongozo inataka kila aliyepandikizwa mwenye virusi atibiwe. Kungoja kumebaki njia ya wenye sababu mahususi: maambukizi makali, mirija ya nyongo iliyoziba, figo ambazo hazijatulia, au kifua kikuu kinachotibiwa kwa rifampisini kwa miezi sita.

Ini jipya linaishi na virusi muda wote huo, na mwenye ile aina kali ya kuzuia nyongo hana muda wa kungoja hata kidogo. Uwezekano wa kupona baadaye ni mzuri kama makovu hayajajengeka, na uchaguzi wa dawa ni uleule wa njia ya pili. Gharama ya leo ni ndogo, ila vipimo haviishi: vimeng'enya vya ini, wingi wa virusi, na kipimo cha ugumu wa ini. Kungoja bila vipimo ni kuliacha ini lijitetee peke yake, nami siwezi kumshauri mtu hivyo. Anayengoja kwa sababu fedha zimekwisha amwambie daktari waziwazi, ili dawa nafuu zitafutwe na tarehe ipangwe.

Kwa hali yako

Alama ya MELD iko chini ya 18 na upasuaji uko miezi kadhaa mbele: zungumzeni kuhusu kutibu kabla. Miongozo ya Ulaya inaelekea huko.

Alama imefika 20 au zaidi, maji yanajaa tumboni, akili inachanganyikiwa: upasuaji kwanza, dawa baadaye. Kama kusubiri kutazidi miezi sita, madaktari wanaweza kuanza dawa hata hivyo. Kati ya 18 na 20, hali ya mgonjwa mwenyewe iwe na uzito kuliko namba.

Mtoaji amekwisha kupimwa, kamati ya idhini India imethibitisha undugu, na tarehe ni wiki tatu zijazo: usiahirishe kwa ajili ya vidonge. Mtoaji naye awe amepimwa C na B.

Ni saratani ya ini iliyoleta upandikizaji, na ini lenyewe bado linafanya kazi: njia zote mbili za mwanzo zinawezekana. Ratiba ya kutibu saratani ndiyo itakayoamua ipi itangulie.

Mgonjwa ana VVU na anatumia efavirenzi: dawa za VVU zibadilishwe kwanza, mara nyingi kwenda dolutegraviri, kisha za C zichaguliwe. Akiwa na homa ya ini B pia, dawa za kuizuia B isiamke zianze kabla au pamoja na dawa za C.

Mwenye selimundu, au wanandoa wanaotaka mtoto karibuni: iepukeni ribavirini. Hilo linaweza kuisogeza mizani kuelekea kutibu baada ya upasuaji.

Na aliyepandikizwa miaka iliyopita, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemtibu virusi: apimwe RNA na ugumu wa ini sasa. Aende kliniki na orodha ya kila anachomeza, cha hospitali na cha mitishamba, na vipimo vya takrolimusi vya karibuni kama anavyo, ili dawa zichaguliwe siku hiyohiyo.